Sadaka Hailipi Deni

Kutoa ni moyo, na moyo wa kutoa ni pambo la mwanadamu. Juu ya hilo hapana ubishi. Kijana aliyezaliwa Pune au Chennai, akasomea uhandisi, akavuka bahari na kupata kazi ya mshahara mnono katika jimbo la California, ana haki ya kustarehe siku yake ya mapumziko. Akiamka alfajiri badala ya kulala, akakimbia mbio za maili 26 ili rafiki zake wachange fedha kwa ajili ya watoto maskini wa Bihar na Jharkhand, amefanya jambo la kusifiwa. Mwenziwe apikaye chakula cha kwao ukumbini na kukiuza kwa sahani kwa ajili ya watoto wale wale, naye amefanya wema. Tangu wanafunzi wachache wa Kihindi walipoanzisha chama cha Asha huko Berkeley mwaka 1991, watu wengi wa namna hii wamejitolea pasipo mshahara, na jina la chama chao lina maana ya tumaini. Atakaye kuwacheka na ajiulize kwanza yeye mwenyewe ametoa nini.

Walakini wema ni jambo moja, na hukumu ya mambo ni jambo jingine. Katika hotuba za karamu za kuchangisha, katika barua za kuomba michango na katika picha zinazofuatana nazo, kuna dai moja ambalo aghalabu halisemwi waziwazi, lakini husikika. Dai hilo ni kwamba mtoto maskini wa India hana elimu kwa sababu wahisani hawajatoa vya kutosha. Wakikunjua mikono zaidi, ujinga utakwisha. Dai hili si la kweli, na madhara yake ni makubwa kuliko faida ya fedha inayopatikana kwalo. Mtoto yule si mwombaji. Ni mdai. Deni lake linajulikana, mdaiwa wake anajulikana, na siku ya kulipwa ilikwisha pita zamani. Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kuwa dawa yake ni kumpitishia mdai bakuli.

Deni hili si la jana. Mwaka 1848 Jotirao Phule na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mjini Pune, wakati ambapo mwanamke na mtu wa tabaka la chini walihesabiwa kuwa hawastahili kitabu. Kazi yao ilikuwa ya kujitolea, na michango waliihitaji kama kila mwenye shule anavyoihitaji. Lakini Phule hakutosheka na kuomba. Serikali ya Waingereza ilipounda Tume ya Hunter ya kuchunguza elimu, yeye alipeleka maelezo yake mwaka 1882, wala hakulilia huruma mbele yake. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mapato ya serikali yalitoka katika jasho la wakulima, na matunda yake katika elimu yalikwenda kwa watoto wa matabaka ya juu. Kwa maneno mengine, baba wa mtoto asiyejua kusoma alikuwa amekwisha lipa. Mtoto wa mtu mwingine ndiye aliyeingia darasani. Tangu siku ile mchangishaji ye yote wa India hana udhuru wa kusema kuwa maskini hajachangia elimu. Maskini alikuwa wa kwanza kuchanga.

Mwaka 1911 Gopal Krishna Gokhale alipeleka mswada wa sheria katika baraza la mtawala Mwingereza, ili elimu ya msingi ianze kuwa ya lazima. Mwaka 1912 mswada huo ulikataliwa. India ilipopata uhuru, deni liliandikwa katika katiba yenyewe. Kifungu cha 45 cha katiba iliyoanza kutumika mwaka 1950 kiliiagiza dola ijitahidi kuwapatia watoto wote elimu ya bure na ya lazima mpaka watimize miaka 14, na muda uliotajwa ulikuwa miaka 10. Mwaka 1960 ulifika, ukapita. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya India iliamua kuwa elimu ya mtoto mpaka umri ule ni haki yake. Mwaka 2002 katiba ilirekebishwa ili haki hiyo iandikwe miongoni mwa haki za asili, mwaka 2009 Bunge likapitisha sheria ya kuitekeleza, na tarehe 1 Aprili 2010 sheria ikaanza kazi. Miaka 50 ilikuwa imepita tangu siku ya ahadi ya kwanza.

Hata kiasi cha fedha hakikuachwa bila kutajwa. Tume ya Kothari, iliyofanya kazi yake kati ya 1964 na 1966, ilishauri kwamba katika kila rupia 100 za pato la taifa, rupia 6 zitumike kwa elimu. Shauri hili liliingizwa katika siasa ya elimu ya mwaka 1968, na limo tena katika siasa ya elimu ya mwaka 2020. Kipimo hicho hakijafikiwa. Mtu anayeahidi jambo lile lile mara ya pili baada ya zaidi ya miaka 50 hukiri kwa kinywa chake mwenyewe kuwa hakulitimiza. Wakati huo huo kodi haikusahauliwa: mwaka 2004 serikali iliongeza rupia 2 juu ya kila rupia 100 za kodi zake kwa ajili ya elimu ya msingi. Mkono wa kupokea uliendelea kuwa mwepesi.

Sasa na ipigwe hesabu ndogo, ambayo haihitaji mtaalamu. Wanafunzi wa shule za India ni kadiri ya milioni 250. Mchangishaji akitaka kumpa kila mmoja dola moja tu, thamani ya daftari chache na penseli, itampasa kukusanya dola milioni 250. Na mwaka ujao itampasa kuzikusanya tena. Hapana mbio, hapana karamu, hapana mnada utakaofika hapo. Lakini kodi hufika hapo na kupita, kwa sababu kodi haingoji moyo wa mtu kulainika. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ziwa halijazwi kwa kibaba. Mchango una kazi yake. Kazi hiyo si kulisha shule za taifa zima, na anayedai kuwa ndiyo huidanganya nafsi yake na wale wanaompa.

Kosa la kwanza linalozaliwa na dai hilo ni kupenda kinachoonekana. Jengo huonekana. Lina ukuta wa kubandika jina la mtoaji, lina mlango wa kukata utepe, nalo hutoka vizuri katika picha. Kusoma hakuna picha. Hata hivyo shida kubwa ya mtoto wa India katika miaka hii si kukosa mlango wa kuingilia. Tangu mwaka 2005 watu wa kujitolea wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba vijijini, chini ya uongozi wa chama cha Pratham, wakimpa kila mtoto karatasi fupi ya kusoma na hesabu nyepesi ya kufanya. Uchunguzi huo huitwa ASER, na katika lugha ya wenyewe neno hilo ni ndugu wa neno letu la athari. Uliyoyaonyesha ni ya kusikitisha. Zaidi ya watoto 95 katika kila 100 wa umri wa miaka 6 hadi 14 wameandikishwa shuleni. Lakini katika watoto wa darasa la tano, walioweza kusoma maneno ya darasa la pili mwaka 2018 walikuwa kama nusu. Mwaka 2022, baada ya shule kufungwa muda mrefu kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, walishuka hata 43 katika 100. Na mwaka 2024 walipanda tena karibu na nusu. Mtoto huyu ana kiti, ana jina katika daftari la mahudhurio, na amekaa miaka mitano mbele ya ubao asiouelewa. Ukimjengea chumba cha pili, umemwongezea mahali pa kutojua kusoma.

Kosa la pili ni la heshima. Mchangishaji hujua kuwa uso wa mtoto mwenye machozi hufungua mifuko upesi kuliko kifungu cha katiba. Kwa hiyo mtoto hupigwa picha pekupeku, akaandikiwa habari fupi ya umaskini wake, akapelekwa mbele ya macho ya watu asiowajua wala hatawajua. Baba yake alipa kodi katika kila kitambaa na kila kibiriti anachonunua. Mtoto huyu ana sheria inayomtaja. Lakini katika picha ile hana baba, hana kodi, hana sheria. Ana macho makubwa tu. Amenyang'anywa hati yake ya madai na kukabidhiwa kikombe cha ombaomba, tena kwa jina la kumsaidia. Mwenye kumdai tajiri akizoezwa kuomba, baada ya siku nyingi husahau kuwa anadai, na tajiri hufurahi sana kumwona amesahau.

Wako watakaojibu kwa hasira, na jibu lao lina uzito. Watasema: mtoto wa leo hawezi kungoja. Serikali ikichukua miaka mingine 50 kulipa, yeye atakuwa babu. Tena serikali yenyewe ndiyo iliyooza; uchunguzi uliofanywa katika shule za serikali za India mwaka 2003 ulikuta kuwa mwalimu mmoja katika kila wanne hakuwapo kazini siku ya kutembelewa. Kwa nini fedha za watu wema zingoje walimu wasiokuja? Wataongeza kuwa kudai kumejaribiwa. Katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh, mwaka 2005 na 2006 wazazi wa vijiji vingi waliitwa mikutanoni, wakaelezwa haki zao juu ya kamati za shule, na shule hazikubadilika. Lakini pale vijana wa kijiji walipofundishwa kwa siku chache, wakajitolea kuwasomesha watoto jioni, watoto waliohudhuria walisonga mbele. Je, hili si ushindi wa kujitolea juu ya kudai?

Hoja hii haifai kudharauliwa; yafaa isomwe mpaka mwisho. Watoto waliofika katika masomo yale ya jioni hawakufika hata 10 katika kila 100 wa vijiji vile. Njia ilikuwa njema, walioifikia walikuwa wachache. Na mikutano ile haikuwa madai. Mzazi aliambiwa kuwa kuna kamati, lakini sheria ya mwaka 2009 ilikuwa haijazaliwa, na mwalimu mtoro hakuwa na cha kuogopa. Kumwambia mtu kuwa anadai bila kumpa hati ni kumwongezea uchungu. Kisha mambo hayakuishia Jaunpur. Mwaka 2012 na 2013, katika jimbo la Haryana, njia ile ile ya kuwapanga watoto kwa kadiri ya wanavyojua, wala si kwa umri, iliingizwa ndani ya shule za serikali kwa amri ya serikali yenyewe. Saa moja ya kila siku ilitengwa, walimu wa serikali wakafundisha, wakaguzi wa serikali wakasimamia, na kusoma kwa watoto kukaongezeka. Wenye kujitolea walivumbua. Mdaiwa akafanya kazi aliyopewa mshahara kuifanya. Huo ndio mpango unaostahili kuitwa ushindi.

Kama mfano mmoja hautoshi, upo mwingine ulio mkubwa zaidi. Mwaka 2001 maghala ya serikali ya India yalikuwa yamejaa nafaka mpaka nyingine ikaharibika, na katika jimbo la Rajasthan watu walikuwa na njaa. Watetezi wa haki za raia wangeweza kufanya karamu, wakanunua magunia, wakayagawa na kupigwa picha. Hawakufanya hivyo. Walikwenda Mahakama ya Juu wakafungua madai. Tarehe 28 Novemba mwaka ule Mahakama iliamuru kwamba kila mtoto katika shule za msingi za serikali, na zile zinazosaidiwa na serikali, apewe chakula cha mchana kilichopikwa. Majimbo mengine yalikawia, yakasukumwa. Leo chakula hicho huwafikia watoto ambao hesabu yao imepita milioni 100. Ni karamu gani ya kuchangisha iliyowahi kupakua sahani nyingi kiasi hicho? Na mtoto anapokula chakula kile hainami kumshukuru mtu. Hula kilicho chake.

Udhaifu mwingine wa kuitegemeza elimu juu ya mchango ulidhihirika mwaka 2020. Sheria ya India juu ya fedha za kigeni, iliyokwisha kuwa kali, ilirekebishwa ikawa kali zaidi: chama kilichopokea mchango wa ng'ambo kilikatazwa kukigawia chama kingine sehemu yake. Vyama vidogo vya vijijini, ambavyo vilipata riziki kwa kupitia vyama vikubwa vya mijini, vilifungiwa mfereji huo kwa mkupuo mmoja wa kalamu. Mtu anaweza kuilaumu sheria ile, na lawama inayo mahali pake. Lakini funzo halikwepeki: darasa linaloishi kwa hisani ya mbali hufa siku hisani inapozuiwa mpakani. Darasa linaloishi kwa haki hufa kwa shida, kwa sababu anayeliua hana budi kwanza kuua sheria mbele ya macho ya watu.

Basi, je, mwenye kujitolea aache mbio zake na sufuria zake? La, hasha. Na akimbie, na apike, na akusanye. Linalotakiwa ni kubadili swali linaloulizwa wakati fedha zinapohesabiwa. Swali la desturi ni hili: zimepatikana ngapi? Swali la haki ni hili: fedha hizi zitamlazimisha mdaiwa kulipa kiasi gani? Rupia elfu moja inayotumiwa kupima kama watoto wa kijiji wanajua kusoma, na kuyaweka matokeo mbele ya wazazi na mkuu wa wilaya, yaweza kuamsha mshahara wa mwalimu aliyelala. Rupia elfu moja ya nauli ya mjane kwenda ofisini kumwandikisha mwanawe yaweza kumfungulia mlango wa shule ya matajiri. Kwa maana sheria ya mwaka 2009 imeziamuru shule za binafsi kutenga robo ya nafasi za darasa la kwanza kwa watoto wa wanyonge, na nafasi hazijazwi na mama asiyeweza kuisoma fomu. Rupia elfu moja ya mafunzo ya kijana wa kijiji yaweza kumwonyesha mwalimu wa serikali njia aliyokuwa haijui. Fedha ni zile zile. Katika njia hizi zinamfuata mdaiwa nyumbani kwake. Katika njia ya desturi zinamfichia deni lake.

Wako waliolitambua jambo hili kwa uzoefu wa muda mrefu. Mwaka 1979 Rippan Kapur na wenziwe sita walikaa kuzunguka meza ya chakula ya mama yake, mjini Bombay, wakaanzisha chama cha CRY kwa rupia 50. Walichangisha kwa bidii, na kadi zao za salamu ziliuzwa mbali na karibu. Katika jina la Kiingereza la chama, herufi ya pili ilisimamia neno lenye maana ya nafuu au msaada. Mwaka 2006 chama kilibadili neno hilo, herufi ikabaki ile ile, ikawa inasimamia haki. Badiliko la neno moja laweza kuonekana dogo kwa asiyejua kazi yenyewe. Kwa anayejua, ni ungamo la zaidi ya miaka 25: kwamba nafuu bila haki ni maji katika pakacha.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawatasoma habari hizi kama mambo ya wageni. Uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulioanza katika vijiji vya India mwaka 2005 ulivuka bahari, na kuanzia mwaka 2009 ulifanywa Kenya, Tanzania na Uganda kwa jina la Uwezo. Huku nako wenye kujitolea walibisha hodi, wakatoa karatasi fupi, wakakuta watoto waliokaa darasani miaka mingi pasipo kusoma. Uvumbuzi huu ni zawadi ya India kwa jirani zake, na thamani yake imo katika jambo moja: haukuleta fedha, ulileta ushahidi. Na mdai mwenye ushahidi si mnyonge.

Wahindi wana neno hak, na Waswahili wana neno haki. Maneno hayo ni ndugu wa baba mmoja, na kote mawili yana maana ya kitu ambacho mtu hapewi kwa huruma kwa sababu ni chake. Mchangishaji mwema na alibebe neno hilo pamoja na bakuli lake. Siku atakapofika kijijini na kukuta mwalimu wa serikali yuko darasani, mtoto anasoma kitabu kilichonunuliwa kwa kodi ya baba yake, na hapana anayemhitaji yeye, asihuzunike kuwa amekosa wa kumsaidia. Siku hiyo deni limelipwa, na sadaka yake imepata thawabu iliyokuwa ikiitafuta tangu mwanzo.